Maji ya Bondeni Baada ya Salongo

Nzi niliwasikia kabla sijaona kitu. Ilikuwa alfajiri, ukungu wa mto ulikuwa bado umelala juu ya bonde, nami nilikuwa nashuka na ndoo kwenda kuteka maji kwenye chemchemi ya mtaa wetu. Mvumo ulikuwa mzito, wa sauti moja, kama wa mtu anayeomba huku amefumba kinywa. Nilidhani ni nyuki. Hatua chache mbele harufu ikanishika kooni, kisha nikaona: matumbo ya mbuzi, magamba ya samaki, maganda ya muhogo yaliyooza, vyote vimeteremshwa na mvua ya usiku mpaka kwenye jicho la maji. Juu yake ulitanda utando wa mafuta uliong'aa zambarau na kijani. Ulikuwa mzuri kutazama. Hilo ndilo linalonichefua mpaka leo.

Uchafu ule niliujua. Niliubeba mwenyewe.

Jumamosi iliyotangulia tulikuwa kwenye salongo, ile kazi ya bure ambayo kila raia wa Zaire alipaswa kuifanya. Safari hii ilikuwa kubwa, maana mkubwa mmoja wa Kinshasa alitarajiwa kupita Kindu, mji wetu. Mkuu wa chama katika mtaa wetu, mtu mpole mwenye duka la sabuni, alitugawia kazi. Wanaume wakate mitende ya porini iliyozunguka chemchemi, matawi yake yapambe lango la mapokezi. Wanawake na vijana wafagie soko na njia yote atakayopita mgeni. Mtu mmoja akauliza takataka za soko zitupwe wapi.

“Kule nyuma,” akasema, “zisionekane.”

Nyuma ya njia kulikuwa na bonde, na humo bondeni ndimo tulimoteka maji ya kunywa. Kila mmoja wetu alilijua bonde lile kama anavyoijua sufuria yake. Tulipanga mstari, tukaimba, tukamwaga. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nikicheza mstari wa mbele katika animasyo, zile ngoma za kukisifu chama, na nakumbuka nilivyokirusha kikapu kwa mwendo wa wimbo ili takataka zifike mbali. Watu wakanishangilia. Nilifurahi.

Mkubwa alipita Jumatatu, vioo vya gari vimefungwa. Mvua ikanyesha usiku uliofuata. Mitende iliyokuwa ikiushika udongo wa bondeni haikuwepo tena.

Mama yangu alikuwa mkunga kwenye dispanseri. Alizaliwa upande wa Obokote, na kwao mti unaosimama juu ya maji haukatwi hata kwa kuni. Anayeukata huhesabiwa mtoto, hata akiwa na mvi. Jumamosi ile alikuwa anazalisha, hakuja salongo. Niliporudi na ndoo tupu nikamweleza yote, hakunigombeza. Aliniambia nioneshe mikono. Nikamwonesha.

“Mikono njo hii iliyomwaga?”

“Chama kilituambia, mama.”

“Chama kiko na tumbo? Kinakunywa?”

Wiki ile watoto wa mtaa walianza kuletwa dispanseri, macho yameingia ndani, ngozi ya tumbo ukiifinya inabaki imesimama. Mama alirudi nyumbani akinuka kuhara kwa watoto wa wengine. Alikusanya majirani zake kumi na moja, wanawake wote, wakaandika barua kwa wakubwa wa mkoa: takataka ziondolewe, mitende ipandwe upya, bonde lisiwe jaa tena. Alitia sahihi, wengine wakatia kidole. Sisi nyumbani tukaacha kunywa maji yale. Tuliyateka kwa ajili ya kuoshea sakafu tu, yakakaa kwenye bido, lile dumu la jikoni. Ya kunywa tuliyafuata mbali, mtaa wa tatu.

Mkuu wetu wa chama akaja mchana wa Jumapili, wiki mbili baadaye, amevaa abakosti, ile suti ya chama isiyo na tai, iliyopigwa pasi, picha ndogo ya kiongozi kifuani.

“Hodi, sitwayeni mama,” akasema; sitwayeni ni raia, ndivyo chama kilivyotaka tuitane.

“Karibu, sitwayeni. Kaa.”

Alikaa, akanisifia jinsi nilivyokua, akauliza hali ya baba aliye safarini na treni. Kisha akatoa karatasi.

“Barua yenu ilifika. Wakubwa wananiuliza mutaa gani ule wenye kusema salongo inaharisha batu.”

“Haikusema vile. Ilisema bonde lisafishwe.”

“Bamama kumi na moja walikuja kwangu. Wanasema uliwadanganya. Umebaki weye tu. Tia sahihi hapa kwamba maji iko mazuri, barua ife, tuendelee kupendana.”

“Na nikikataa?”

“Dispanseri ya Kama, kule mbali machimboni, inatafuta mukunga.” Akatabasamu. “Wachimba dhahabu wanazaa sana. Hautakosa kazi.”

Mama akaenda jikoni. Kwetu mgeni hapewi maji kabla mwenye nyumba hajaonja mbele ya macho yake, ajue hayana sumu. Alirudi na glasi, na kwa rangi tu nikajua ameyatoa kwenye lile bido. Yalikuwa kama maji yaliyooshewa mchele, na kitu chembamba kilikuwa kikizunguka ndani yake. Akaonja. Nikaona koo lake likikataa, kisha likikubali. Akampa glasi kwa mikono miwili.

“Ya kule nyuma,” akasema.

Nilitegemea mgeni ataiweka chini. Nilitaka aiweke chini. Lakini alinyoosha mgongo kama mtu anayepigwa picha, akanywa yote, taratibu, macho yakimtoka machozi, akapangusa midomo kwa kiganja. Sijawahi kuona kitu kilichonichukiza zaidi, nami nimeona mengi tangu hapo. Si uchafu. Ni ule utii ulioshuka kooni mwake bila kikwazo, kwa sababu niliutambua. Ulikuwa wangu wa Jumamosi ile.

“Umeona?” akasema. “Iko mazuri. Tia sahihi.”

“Weye umekunywa sababu ya woga,” mama akasema. “Miye nimekunywa sababu ya heshima. Hakuna aliyekunywa hapa sababu maji iko safi. Sitii.”

Mkuu akaikunja karatasi mara nne.

“Basi, utaenda Kama.”

“Kule Kama nao wanakunywa maji,” mama akasema. “Nitawafaa.”

Mgeni akasimama. Mlangoni akanigeukia kwa ule upole wake, akasema Jumamosi kuna animasyo, nisichelewe, mstari wa mbele hauna mwingine kama mimi. Pumzi yake ilinuka bonde.

“Hautaniona, baba,” nikamwambia.

Kwetu mgeni husindikizwa mpaka njiani, hata aliyekuja kwa ubaya. Mama alinitazama, hakusema nimsindikize. Nilingoja mguu wa pili wa mgeni uvuke kizingiti, nikafunga mlango.