Chuma Kilichopakatwa

Cheka kwanza ukitaka, ukimaliza nisikilize. Mimi ni fundi wa malori hapa Tunduma, pombe sinywi, na jambo hili nililiona kwa macho yangu, jua likiwa bado halijazama vizuri.

Kazi yangu ni kutafuta nyufa kwenye vyuma bila kuvivunja. Unapaka dawa nyekundu, unaacha chuma kiinywe, unafuta, kisha unapuliza unga mweupe. Kama kuna ufa, hata mwembamba kama unywele, ile dawa iliyojificha ndani hurudi juu na kuchora mstari mwekundu. Mstari usipotoka, dereva anaenda zake.

Ilikuwa Juni, na baridi ya Juni ya huku kwetu umewahi kuionja? Nilikuwa nimepima chuma kinachobeba gurudumu la mbele la lori la Baba Neema. Alfajiri ya kesho yake alikuwa apeleke mbolea Ikinga, kwenye miteremko ya Ileje. Chuma hicho kikikatika mteremkoni, hakuna breki ya kumwokoa mtu. Unga ulibaki mweupe pe. Baba Neema akaenda kula, nami nikajiandaa kukifunga.

Ndipo akaingia mwanamke mwenye kitenge cha njano na kovu dogo kidevuni.

"Pole na kazi, fundi. Hicho ni cha Baba Neema?"

"Ndicho, dada."

Akakigusa, akasikitika. "Mbona kimepoa hivi? Yule ni mtu wa safari, hapewi kitu cha baridi. Naomba nikipakate kidogo."

Nilitaka kucheka. Chuma kizito, cha grisi, kinapakatwa? Lakini kwa alivyoomba, nilishindwa kumkatalia. Nikamwonyesha kigoda kando ya jiko. Akakaa, akakizungushia chuma kitenge, akakikumbatia, akawa anakibembeleza kama mtoto mchanga. Nikageuka kuchukua spana. Kugeuka tena, hayupo. Chuma kiko juu ya kigoda, nakishika, kina joto la mwili wa mtu. Na jiko? Majivu tupu, halikuwashwa tangu asubuhi.

Niamini, nywele zilinisimama. Lakini akili ya kazi nayo ikaamka: dawa hii haipendi baridi, chuma kikipoa sana hakiinywi vizuri. Nikapaka upya, nikasubiri, nikafuta, nikapuliza unga. Mstari mwekundu ukatoka taratibu, ukazunguka shingo ya chuma karibu nusu.

Baba Neema aliporudi nilimweleza yote. Nilipofika kwenye kovu la kidevuni, akakaa chini kwenye vumbi.

"Huyo ni Mama Neema," akasema. "Tulimzika Itaka, mtoto akiwa bado ananyonya. Kila nikisafiri alikuwa ananipashia viatu jikoni. Nikawa namwambia aache kujisumbua."

Akakivuta chuma mapajani, akakipakata yeye sasa, mpaka kikapoa. Nililia, sioni haya kusema.

Lori halikuondoka mpaka tulipopata chuma kingine. Kile chenye ufa anacho nyumbani, na wanunuzi wa chuma chakavu wamekiulizia wakachoka. Mimi siku hizi sipimi chuma cha baridi, nakipasha kwanza. Na zipo asubuhi nafungua gereji nakuta kimoja tayari kina joto. Siulizi. Hicho nakipima mara mbili.

Nawe unayeagwa mlangoni kwako, ukipashiwa viatu, vivae na ushukuru. Usimwambie aache kujisumbua.