Masikio ya Papa

Nikisikia chuma kikigongwa popote, hata fundi akinyoosha tu bati pale sokoni Kamina, huacha ninachofanya nikasikiliza. Papa alikuwa mgonga magurudumu. Treni ikisimama, alipita ubavuni mwake na nyundo ndogo ya mpini mrefu, akigonga kila gurudumu na kusikiliza: zima huimba, lenye ufa hukohoa. Wenzake wa reli walisema anausikia ufa kabla haujazaliwa. Niliringia masikio yale kama wengine wanavyoringia nyumba ya ghorofa.

Mwaka niliotimiza miaka tisa alipata likizo, akaniahidi wiki nzima huko juu, kwenye nyanda za Biano, ambako Wabelgiji waliacha nyumba ya mapumziko. Mama alibaki na mtoto mchanga. Miezi mizima nililala na sweta ya safari chini ya mto. Ndani ya behewa tulikaa na jirani yetu Mama Kapinga, aliyekuwa akienda Likasi, mbele zaidi ya Biano, kwenye harusi ya mwanawe. Alinimenyea yai la kuchemsha, akanitania kwamba baridi ya Biano hula pua za watoto, akacheka mpaka kitenge kikamlegea.

Tulisimama Luena. Harufu ya makaa ya mawe ikaingia madirishani. Papa alishuka kunyoosha miguu, na mazoea yana taabu: nyundo ilikuwa mkononi. Nilimfuata. Gurudumu la kwanza liliimba, la pili likaimba. La tatu, chini ya behewa letu hasa, likakohoa. Akaligonga tena, na uso wake ukabadilika.

"Hii gurudumu haiko muzima," alisema. "Naenda kuambia shefu wa kituo. Behewa itabakia hapa."

Nilijua maana yake: siku mbili tatu za kukaa Luena, na likizo ndiyo basi. Nikamshika mkono, machozi tayari. "Papa, usiseme. Biano iko karibu. Tuende tu."

Papa alinifuta machozi. Sikuwahi kumwona akishindwa na mtu, ila siku ile alishindwa na mimi. Akaitia nyundo ndani ya koti.

Tuliposhuka Biano alianza kukimbilia kwa mkuu wa kituo amwambie habari ya gurudumu, lakini firimbi ilikwisha kulia. Mama Kapinga alitupungia mkono dirishani. Kule juu kulikuwa kuzuri kupita ahadi: nyasi zisizo na mwisho, maziwa mazito, ukungu ulioingia mpaka jikoni. Sikufurahia hata kimoja. Papa alikaa barazani, sikio bondeni, chakula kikipoa mbele yake. Ukungu ulimeza kila sauti. Hata ng'ombe walipita kimya. Nami niliogopa kumuuliza anasikiliza nini. Kesho yake mchana mlinzi wa nyumba alipanda kutoka kituoni, kofia mkononi. Behewa lile lilikuwa limeanguka kwenye mteremko wa mbele, na Mama Kapinga alikuwa amekufa.

Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. La Papa lilisikia. Mimi ndiye niliyeliziba. Tuliporudi Kamina wakubwa wake walimwita, kwa kuwa mtu alimwona akigonga pale Luena. Nilisimama mlangoni nikingoja anitaje.

"Miye niligonga, shikusikia kitu," alisema. "Masikio yangu inazeeka."

Wakamnyang'anya nyundo siku hiyohiyo.

Tangu hapo mji mzima husema na Papa kwa kelele, kama kiziwi: muuza mboga, padri, hata Mama, ambaye hakuambiwa ukweli kamwe. Yeye huweka kiganja nyuma ya sikio na kuuliza, "Unasema nini?" Wageni wakija nyumbani kwangu, anakoishi sasa, nami hupaza sauti, na kila mara naona haya. Treni siku hizi hupita mara chache. Juzi binti yangu, naye ana miaka tisa, aliniomba nimpeleke Biano akaone ukungu. Nilimkatalia kwa ukali asioustahili, nikaenda jikoni, nikainamia sufuria na kunong'ona, "Mungu wangu, nisamehe."

Kutoka chumba cha pili, kwa sauti ya chini, Papa akajibu.

"Weye ulikuwa mutoto."