Nguo ya Krismasi ya mtoto asiye nyumbani

Mungu anisamehe, wiki jana nilimcheka mama mmoja kwenye kibanda cha mitumba hapa Busia. Alikuwa mbele yangu, akimchagulia bintiye nguo ya Krismasi.

"Ni ya kanisa ama ya kutembea Boksing Dei?" muuzaji akamuuliza.

"Ya kanisa. Ya kutembea hata avae ya zamani."

"Na yeye ni mrefu aje?"

Mama akaweka mkono kifuani pake. Akaupandisha mpaka begani, akaushusha tena, ukabaki hewani.

"Mama, amua! Ni ya nasari ama ya bibi arusi?"

Nikacheka, nikaropoka, "Hata urefu wa mtoto wako huujui?"

Akageuka, akaniangalia bila hasira. "Dada, alienda Nairobi kazi ya nyumba. Kila Krismasi yule mama aliyemwandika kazi anasema wageni ni wengi, hawezi kumwachilia. Nguo ya mwaka jana bado iko kwa msumari."

Kati ya nguo mbili alizoonyeshwa na muuzaji akachukua ile kubwa, akasema labda safari hii atakuja.

Mimi ni mwanakwaya. Kwangu pia kuna msichana wa kazi kutoka Amukura, na nilikuwa nimeshamwambia abaki Krismasi apike. Kanisani tutaimba mtoto amezaliwa, huku watoto wa wenyewe wakituoshea masufuria.

Sijui kama yule binti atafika. Sidhani. Lakini wewe msomaji, kama una msichana wa kazi, tafadhali mwachilie aende kwao Krismasi hii, nami nimwachilie wangu.