Mkono wa Gauni

Fundi cherehani wa mtaa wetu huongea akiwa na pini tatu mdomoni, maneno yakimtoka kwenye pembe moja ya midomo. Tangu ugonjwa uingie, hampimi mtu bila kumuuliza kama ameshachanja. Ukimjibu utakwenda kesho, anakuzungushia utepe wa kupimia juu ya kiwiko, anaubana kidogo na kusema, "Mkono ni huu huu. Kesho hutaota mwingine." Watu humwita Mama Chanjo, naye huitika.

Bibi wa nyumba ya pili alikuwa na sababu nyingi: presha, magoti, ndoto mbaya. Jana fundi alikaa kizingitini kwake mpaka zote zikaisha, ikabaki moja ya kunong'ona. "Mwanangu, mkono wa gauni hili umebana, haupandi. Nivuliwe mbele za watu?" Fundi hakucheka. Alitoa mkasi, akafumua mshono kuanzia begani hadi kwenye kiwiko, akamfunika mtandio, wakaenda zahanati.

Nilikuwa nyuma yao kwenye foleni. Muuguzi alipoinua sindano, bibi alitazama mbele kama anayepigwa picha. Aliyefumba macho ni fundi. Kisha, pale pale kwenye benchi, akatunga uzi na kuushona ule mkono kwa mishono mirefu, ya kushikiza tu.

"Mbona unanilipulia kazi?" bibi akauliza.

"Nitafumua tena, Bibi. Bado dozi ya pili."