Swali la Mama na Kelele za Mashine

Kazi yangu ya kwanza maishani ilikuwa kuendesha mashine ya kusaga, na niliipenda kuliko nilivyompenda mchumba niliyekuwa naye wakati huo. Mchumba alikuja akaenda zake, siku hizi hata sura yake naitafuta. Mashine naikumbuka mpaka leo, boliti kwa boliti.

Ilikuwa miaka ya sabini, katika kijiji kimoja upande wa Litapunga, baada ya watu kuhamishwa na nyumba kupangwa kwa mistari. Serikali ilituletea mashine ya dizeli, ile ya kupigwa hendeli, kile chuma cha kuzungushwa kwa mkono mpaka iwake, ikafungwa kwenye kibanda cha bati katikati ya kijiji, jirani na uwanja wa mikutano. Kamati ya kijiji ilitafuta kijana wa kiume wa kuiendesha, ikapata wawili. Wa kwanza hendeli ilimrudi ikamvunja kidole. Wa pili alipokiona kidole cha mwenzake, akakumbuka kwamba ana shamba la kupalilia. Nikasema basi nijaribu mimi msichana. Nilikuwa na mikono mirefu na kiburi kingi, na siku ya tatu mashine ikanikubali.

Mwenyekiti wa kijiji alikuwa mdogo wake mama, tumbo moja, kwa hiyo kwangu mimi alikuwa mjomba kabla hajawa mwenyekiti. Mtu mwema, mcheshi, hana neno na mtu. Ila alikuwa anaogopa aibu kuliko watu wengine wanavyoogopa simba, na hilo ndilo lililotuponza.

Mama alikuwa na bega bovu la kulia. Kutwanga tangu usichana kulilimaliza. Mganga wa zahanati alimwambia aache mchi kabisa, mama akamuuliza kama zahanati ndiyo itakayompikia. Mashine ilipokuja, mchi ukaegemezwa ukutani, na kwa miezi kadhaa mama alilala usingizi mzima bila kugeukageuka kitandani. Mshahara ulinifurahisha, kusifiwa na wenzangu kulinifurahisha, lakini usingizi wa mama ndio ulionifanya niamke mapema kwenda kuipangusa ile mashine.

Kisha dizeli ikakatika. Dizeli ilikuwa ya mgawo, na kulikuwa na ofisi moja mjini Mpanda iliyoshughulikia mashine za vijiji, ndiyo iliyotupangia pipa letu. Mwanzoni pipa lilikuja kwa wakati. Baadaye likawa linachelewa. Mwaka ule, tulipomaliza tu kuvuna mahindi, halikuja kabisa. Mjomba aliandika barua, akaandika nyingine, akaandika ya tatu kwa kalamu nyekundu ili waone kwamba hatutanii. Kimya. Mimi nikawa mfanyakazi wa kupangusa vumbi, na mama akauchukua mchi wake ukutani.

Usiku nilimsikia akiguna kila alipogeuka. Nilikuwa na hasira, na sikujua nimkasirikie nani.

Ndipo habari ikaja kwamba afisa mwenyewe wa ile ofisi atatutembelea. Atafanya mkutano, wananchi watauliza, yeye atajibu. Mama hakuwa amewahi kusimama kwenye mkutano maisha yake yote. Jioni hiyo, akipepeta mahindi, alisema bila kuniangalia kwamba safari hii atauliza.

Wiki nzima alilifanyia mazoezi swali lake. La kwanza lilikuwa refu, lina salamu za watoto na wagonjwa, na habari za mvua. Nilimwambia afisa atasinzia. Akalipunguza. Alilijaribu kwa kuku, kwa jirani, kwangu mimi nikiwa na tonge mdomoni. Mpaka siku ya mkutano lilibaki hivi: dizeli yetu inaishia wapi? Akaridhika nalo.

Sasa niseme jambo moja la kwetu. Mgeni anapokaribia nyumba, anatakiwa asikie mchi. Hata kama unga upo ndani umejaa mtungi, mwenye nyumba atatia mahindi kidogo kinuni atwange, ili mgeni ajue kwamba amefika penye chakula na kwamba chakula chake si kiporo. Mgeni akifika nyumba imenyamaza, watu watasema juu yako mpaka mavuno yajayo. Ilipokuja mashine, desturi ilihamia kwenye mashine. Akija mgeni wa kijiji, sharti mashine ingurume.

Kwa hiyo usiku wa kuamkia mkutano mjomba alikuja nyumbani na nusu debe ya dizeli. Alikuwa ameiazima kwa dereva wa trekta la misheni, kwa kumbembeleza sana.

"Kesho asubuhi washa," aliniambia. "Mgeni hawezi kufika kijiji kimelala hivi."

"Mjomba, si anakuja kusikia kwamba hatuna dizeli?"

"Atasikia. Si watu watamwambia? Lakini kwanza tumpokee."

Ningekataa. Nilikuwa na mdomo wa kutosha kukataa. Lakini niseme ukweli wangu: nilitaka afisa aone mwanamke anavyopiga hendeli. Nilifua hata gauni.

Landrova ilipotokea barabarani, mashine ilikuwa tayari inanguruma. Nilikuwa nimeweka mahindi mdomoni mwa mashine, unga mweupe unatiririka, akina mama wanaimba. Afisa alikuwa kijana bado, ana miwani na suti ya kaunda iliyopigwa pasi vizuri. Alisimama mlangoni mwa kibanda akanitazama nikifanya kazi, akatikisa kichwa kwa furaha. Nami nikafurahi, mjinga mimi.

Mkutano ulifanyika palepale uwanjani, hatua ishirini kutoka kibandani. Niliuliza kwa ishara kama nizime. Mjomba akakataa kwa ishara. Hotuba ya afisa niliiona zaidi kuliko kuisikia. Alifungua mdomo, alinyoosha kidole, watu walipiga makofi kila aliponyamaza. Kisha akatandaza mikono, maana yake maswali.

Mama akasimama. Alijifunga kanga vizuri, akaweka mkono wake wa kushoto juu ya lile bega. Nikaona midomo yake inatembea. Nililijua swali lile neno kwa neno, lakini nilipokuwa mimi, karibu na bomba la moshi, sikusikia hata herufi. Afisa naye hakusikia. Alitega sikio, akatabasamu, akamtazama mama, akatazama mashine, akatazama unga. Kisha akaanza kumpigia mama makofi. Alidhani anashukuru. Na kwa kuwa mgeni amepiga makofi, kijiji kizima kikapiga makofi.

Mama akakaa chini.

Afisa alikula ugali wa unga ule ule na jogoo mzima, akaaga. Landrova haijafika hata darajani, mashine ikakohoa mara mbili ikazimika, dizeli imekwisha. Kimya kile sitakisahau. Mama alipita mbele yangu bila kunisema, akaenda nyumbani, na muda si mrefu nikasikia mchi. Angenitukana ningepumzika.

Baada ya majuma mawili barua ikaja. Ilisema kwamba ofisi imejionea yenyewe hali ya usagaji katika kijiji chetu, ni nzuri, na kwa hiyo malalamiko yetu yamefungwa. Mjomba aliisoma mara tatu kana kwamba ya tatu itasema vingine.

"Tumejifunga wenyewe," alisema.

"Umetufunga wewe na nusu debe yako," mama alimjibu. Akanigeukia. "Na huyu na gauni lake."

Hayo ndiyo maneno aliyonisema, na nilishukuru kuyapata. Nikamwambia twende Mpanda. Nilidhani atakataa kwa sababu ya bega, lakini alikuwa ameshaanza kufunga mzigo.

Tulidandia lori la mpunga, tukalala mtaa wa Nsemulwa kwa mama mdogo, na asubuhi tukawa watu wa kwanza kwenye benchi la ile ofisi. Tukawa pia watu wa mwisho kuitwa. Afisa alitukumbuka mara moja.

"Nyie si wale wa mashine nzuri?"

"Ile mashine haina dizeli tangu mavuno," nilisema. "Siku ile tuliazima ili upokelewe vizuri. Niliiwasha mimi."

Alivua miwani. "Nimeandika taarifa kwamba inafanya kazi. Nimeiona kwa macho yangu."

"Uliiona. Na huyu mama aliposimama hakuwa anakushukuru. Alikuwa anakuuliza swali."

Akamtazama mama. "Haya mama, niulize sasa."

Nilidhani wakati wetu umefika. Mama akatikisa kichwa.

"Hapana, mwanangu. Hapa ukinijibu, utakuwa umenijibu mimi. Njoo nikuulize mbele ya watu."

Nilitaka kumfinya. Safari yote ile, vumbi lote lile, halafu swali anarudi nalo nyumbani. Lakini afisa akafungua kitabu chake cha safari, akatutajia siku. Njiani nilimlalamikia mama mpaka lori lilipotushusha. Alinijibu mara moja tu, kwamba alipigiwa makofi mbele ya watu, na atauliza mbele ya watu.

Siku ilipofika, alfajiri, nani kasimama mlangoni kwetu na debe mkononi? Mjomba.

"Nusu saa tu," alisema, na kweli alikuwa anatia huruma. "Mpaka ashuke kwenye gari. Akishashuka unazima."

Nilimwambia hendeli haionekani. Alikwenda kibandani, akapekua, akarudi. Akapekua chini ya kitanda changu. Akatazama hata kwenye banda la kuku. Kisha akanitazama mimi, na akaona kwamba nimebeba kitu mgongoni kwa kitenge, nimekifunika vizuri kama mtoto mchanga. Kijiji kizima kilijua sina mtoto. Kile chuma kilikuwa kinanichoma ubavuni kila nikivuta pumzi.

"Huyo mtoto wa nani?" aliuliza.

"Amelala, mjomba. Usimwamshe."

Alitaka kugomba, nikamwona. Akamgeukia dada yake, dada yake alikuwa anajifunga kanga. Mwishowe akaliweka debe chini, akakaa juu yake, akacheka mpaka akajifuta machozi. Nilimpenda sana mjomba asubuhi ile.

Afisa hakupokelewa na mashine. Landrova iliposimama alisikia mchi wa mama, ambaye aliamua kutwanga palepale uwanjani, kwa mkono wa kushoto, taratibu. Alipomaliza kutwanga aliuweka mchi chini, na uwanja mzima ukatulia. Ulikuwa unasikia majogoo wa mtaa wa pili.

"Dizeli yetu inaishia wapi?" mama akauliza.

Afisa alisimama. Alikuwa na makaratasi mkononi na hakuyatazama.

"Sijui, mama," alisema.

Watu waliguna. Mjomba akainamisha kichwa, aibu ya mgeni ikamshika yeye. Lakini mama aliitikia kwa upole, kama mtu aliyepewa alichokuja kuchukua.

"Asante. Sasa nenda ukajue. Unarudi lini?"

Alitaja Alhamisi, si ile inayokuja, ile ya pili yake. Mjomba akaandika kwa kalamu nyekundu.

Sikuamini kwamba atarudi, na nilimwambia kila aliyetaka kunisikia. Alhamisi hiyo mpaka mchana hakuna kitu. Nilikuwa naanza kuonja utamu wa kusema si niliwaambia, pale lori lilipoingia, na juu ya lori, miguu inaning'inia, suti imejaa vumbi, afisa amekaa juu ya pipa letu. Landrova ilikuwa imeharibika, kwa hiyo akapanda lililopatikana.

Alishuka, na kabla hajapewa hata maji aliomba watu waitwe. Alisema mapipa yalikuwepo ghalani Mpanda muda wote. Yalisubiri karatasi moja yenye sahihi. Karatasi hiyo ilikuwa mezani kwake mwenyewe, chini ya nyingine, na juu kabisa ilikuwa ile taarifa yake ya kwamba hali ni nzuri. "Kosa ni langu," alisema. Hakumtaja karani wala dereva. Tangu siku hiyo nimewaona wakubwa wengi wakijieleza, na wengi wao nimewapima kwa yule kijana aliyejaa vumbi.

Mjomba alitaka yapigwe makofi. Mama akamwambia kwanza pipa lifunguliwe, makofi yatafuata.

Nilipiga hendeli. Ilikataa mara mbili kwa uvivu wa kukaa, mara ya tatu ikakubali, na foleni ya ndoo na vikapu ikajipanga mpaka shuleni. Mama hakutaka kupitishwa mbele. Alisimama kwenye foleni na debe lake la mahindi mpaka jua likaanza kuinama, na zamu yake ilipofika aliniinamia sikioni akasema kitu. Sikusikia. Akarudia. Nikaona midomo yake inatembea, nikaiona ile siku ya makofi.

Nikazima mashine.

Foleni nzima ikalalamika. Wengine waliniuliza nina akili kweli, kuzima mashine ambayo imechukua msimu mzima kuwaka. Unga ulibaki unaelea hewani. Niliwaacha waseme.

"Mama, unasemaje?"

Mama aliwatazama watu wote wale, akaona haya kidogo.

"Nilikuwa nakuuliza tu kama umekula."

Nilikuwa sijala.