Hakuna Aliyewaambia Wafu

Nilikuwa mtoto wa miaka tisa hivi, na wafu niliowaogopa kuliko wote walitoka kwenye televisheni. Kwetu Namuwongo, mtaa wa Kampala, karibu na reli, kulikuwa na kibanda cha video cha mabati na maturubai. Filamu za nje zilionyeshwa humo, na mwanamume mwenye sauti nzito, ambaye sote tulimwita Vijei, alikaa na maikrofoni akizitafsiri kwa Kiganda na kuongeza maneno yake mwenyewe. Mama aliuza sambusa mlangoni, kwa hiyo mwenye kibanda aliniacha niingie nikae chini, mbele kabisa.

Mwaka ule tulifuata tamthilia ndefu ya wafalme na wachawi. Wakati wa mvua, wafu walitoka kwenye kinamasi, matete yamewanata kichwani, wakatembea mpaka mjini. Hawakumuuma mtu. Walisimama mbele ya nyumba fulani, maji yakiwachuruzika, wakabisha hodi. Kulipokucha, watu wa nyumba ile hawakuonekana tena. Kwa nini walichagua mlango huu wakauacha ule? Hata Vijei hakujua, na sehemu mpya ilichelewa kuja.

Basi tukawa tunabishana. Wengine walisema malkia kipofu ndiye anawatuma. Wengine walisema wanawafuata waliowaibia. Kato, mtoto wa jirani yetu, alitucheka.

"Nyinyi Wakongo munapenda sana uchawi. Hakuna mtu anawatuma. Hawa watu hawajui kama wamekufa."

"Mtu atakosaje kujua amekufa?" nikamuuliza.

"Nani alimwambia? Wewe ulimwambia? Yeye anaona jioni imefika, anarudi kwake. Anabisha, watu wanapiga kelele. Banange, hata wewe ungekasirika!"

Wenzetu walimwita profesa. Mimi sikucheka. Kato alizaliwa pacha, na mwenzake hakuishi. Waganda hawasemi pacha amekufa, husema ameruka. Labda ndiyo sababu Kato aliliwaza jambo lile kutuzidi. Mimi pia nilikuwa na sababu yangu.

Tulipokimbia kijiji chetu Kongo, Baba alirudi nyuma kumtafuta mdogo wake. Tutangulie, alisema, atatukuta barabarani. Hakutukuta. Ninachokumbuka ni mgongo wake, na shati lake la bluu la kanisani ambalo Mama alilibeba kwenye furushi mpaka Kampala.

Mwaka uleule wa tamthilia, Koko, mama yake Baba, alianza kumwota. "Anasimama kwa mlango," alituambia. "Amelowa mpaka kwa magoti. Namwambia ingia, mwanangu, anakataa."

Kwetu Kongo, mtu ambaye mwili wake haukupatikana huzikwa kwa shina la mgomba lililovishwa nguo yake, ili naye apate mahali pa kulala. Asipozikwa, hutembea. Koko alitaka tufanye hivyo. Mama hakutaka kusikia.

"Na kama yuko hai? Unataka nimzike mume wangu akiwa anapumua, Mama?"

Kwa maana imani ileile husema kwamba ukimzika aliye hai, umemuua. Wakaacha kula pamoja. Mimi nilikula mara mbili, kwa Mama na kwa Koko.

Jioni moja Mama alikuwa anakunja sambusa. Nikamweleza maneno ya Kato, kisha nikasema, "Mama, labda Baba hajaambiwa."

"Hajaambiwa nini?"

Mama alibana ukingo wa manda kwa vidole, akabana, mpaka nyama ikatokea upande wa pili. Akaiweka chini.

"Nenda umwite Koko."

Nalongo, mama yake Kato, alitupa shina kutoka kwenye migomba yake. Ardhi hatukuwa nayo. Mahali pekee ambapo hatungefukuzwa ni pembeni ya kinamasi, wanakolima magimbi. Koko alipoona maji yakijitokeza kwenye shimo, alitikisa kichwa.

"Mtu hazikwi kwa maji. Atarudi. Tafuteni pakavu, hata padogo."

"Pakavu pana wenyewe, Mama," mama yangu alimjibu.

Mama alilivisha shina lile shati, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni, kama alivyomfungia Baba siku za Jumapili. Koko akapiga magoti kwenye tope, akaliita shina jina kamili la mwanawe kwa kilugha chetu, akaliambia limekufa. Tangu siku ile aliacha kuota. Walianza tena kula pamoja.

Kisha mvua kubwa zikafika. Mchana mmoja mfereji ulifurika, maji ya kahawia yakaingia nyumbani na chupa na kandambili za watu. Koko nami tulipanda kitandani. Mama alikuwa mlangoni anayatoa kwa beseni. Ghafla akaacha.

Shina lilikuwa limekuja. Lilielea taratibu kwenye uchochoro, likageuka, likagonga ubao tuliouweka mlangoni kuzuia maji. Likarudi nyuma, likagonga tena. Vifungo vilikuwa bado vimefungwa. Jani la gimbi lilikuwa limenata shingoni.

"Niliwaambia!" Koko alilia. "Nilisema atarudi!"

Mama aliruka ubao, akaingia kwenye maji, akalikumbatia lile shina kifuani.

"Amekataa," alisema. Alikuwa anacheka na kulia. "Hajafa. Amekataa kuzikwa."

Maji yalipokauka, alilifua shati, akalikunja, akaenda nalo Kongo kumtafuta. Alipiga simu kutoka mpakani: nimsikilize Koko, nisiache shule. Baada ya hapo namba yake haikupatikana tena. Shule niliiacha, kwa sababu miguu ya Koko ilikuwa imeanza kukataa na sambusa zilihitaji mtu wa kuzikaanga.

Sasa nina miaka kumi na saba, na karai langu liko mlangoni mwa kibanda kilekile. Najua kwamba mgomba umejaa hewa, na mvua huinua chochote chepesi kilichofukiwa kwenye tope. Kujua hivyo hakujanisaidia. Sehemu ya mwisho ya tamthilia ile ilipofika mwaka huu, Kato alitoka ndani mbio akaja kwangu.

"Neema, nikuambie kwa nini walikuwa wanabisha?"

"Usiniambie."

"Si ulikuwa unataka kujua, wewe?"

"Zamani."

Alinitazama, akachukua sambusa moja, akaenda zake.

Siku hizi Koko anamwota Mama. "Anasimama kwa mlango," ananiambia. "Huyu hajalowa. Ana vumbi mpaka kwa nywele." Nalongo ameacha mgomba mmoja nyuma ya nyumba yake bila kuukata, ingawa ulishazaa. Hajasema ni wa nini. Kitenge kimoja cha Mama kiko chini ya godoro langu, na sasa naelewa vidole vyake vilikuwa vinabana nini jioni ile ya sambusa. Nikimzika akiwa njiani, nimemuua mimi. Nisipomzika, labda anatembea na vumbi lake, na hakuna aliyemwambia.

"Neema, tutafanya lini?" Koko huuliza.

"Mvua ziishe kwanza, Koko."

Hujifunika. Halafu, kutoka gizani kwake: "Umefunga mlango?"

"Nimefunga."

Nimeuegesha tu.