Nilipelekwa kupima mafuta ya Land Cruiser ya baba mkwe, kabla hajawa baba mkwe

Wakuu, hamjambo huko mliko. Hii story ni yangu mwenyewe na sijaitia chumvi. Kuna uongo mmoja tu ndani, uko karibu na mwisho, na nitauonyesha.

Mimi ni clerk wa hardware hapa Eldoret, naishi Langas. Naendesha Forester ya turbo, injini ya EJ20. Ndiyo raha yangu pekee duniani, msinihukumu.

Sasa kuna msichana anaitwa Chebet. Wueh! Nikimfikiria nikiwa kwa counter, customer anaitisha misumari namletea bawaba.

Kwao ni Kesses, watu wa shamba. Siku ya kwanza ya kwenda kujitambulisha alinionya: "Baba hapendi turbo. Anasema mwenye turbo atalaza familia njaa."

Nikaenda hivyo hivyo. Mama yake akanipea mursik, maziwa yao ya kibuyu. Mzee akanisalimia vizuri, halafu kabla hata hajauliza mimi ni mtoto wa nani:

"Kijana, hiyo gari inakula mafuta aje?"

Wakuu, kila mwanaume ana jibu lake tayari kwa hilo swali. Mimi nilikuwa nimebeba kilomita kumi na moja kwa lita kutoka Langas. Lakini Chebet alikuwa ananiangalia, nikashindwa kudanganya.

"Nane kwa lita, Mzee. Nikiwa na haraka, saba."

Akacheka mpaka kofia ikasonga. "Yangu ni four-point-two diesel na inaenda kumi na mbili!"

Yake ni Land Cruiser ya zamani, injini ya 1HZ, haina turbo.

Nisimame hapa kidogo kwa wale wageni wa mambo haya. Hiyo injini haifi, utaiachia wajukuu. Lakini gari yenyewe ni nzito kama ghala la mahindi, na huku kwetu juu hewa ni nyembamba, injini bila turbo inapumua kwa taabu. Kumi na mbili? Labda ikivutwa na breakdown.

Nikajificha kwa kikombe cha mursik. Shida ni uso wangu, hauna adabu.

"Huyu haamini," Mzee akamwambia Mama. "Kijana, twende."

Tukajaza tank mpaka pump ikakata yenyewe, akarudisha trip meter zero, tukashika njia ya town na kurudi.

Hiyo safari naiota mpaka leo. Mzee anaendesha polepole kama mtu anayebeba mayai. Madirisha wazi. Mahindi yamefika kifua pande zote mbili, mvua inajikusanya mbali, na harufu yake imefika kabla yake. Injini inanguruma chini chini, ile sauti ya kubembeleza mtoto.

Nikaona nyumba yenye mabati ya kijani ambayo sina, nikaona Chebet mlangoni na watoto ambao hawajazaliwa wanakimbilia gari. Nilimpenda huyo msichana mpaka nikaogopa. Nikasahau kabisa kwamba tunapima mafuta.

Kurudi, tukajaza kwa pump ile ile. Ikapita mahali ilipaswa kukata kama ni kumi na mbili kweli. Ikaendelea. Ikaendelea tu, wakuu.

Nikapiga hesabu kwa kichwa. Nane na kidogo. Sawa na turbo yangu!

Mzee alikuwa anaangalia pump kama mtu aliyepata habari ya msiba.

"Ngapi?" akaniuliza, na alijua.

"Nane, Mzee."

Tukapanda. Hakuwasha gari.

"Mama Chebet alitaka tuiuze kitambo, tununue ndogo," akasema. "Hiyo kumi na mbili ndiyo imeiweka nyumbani."

Hapo nikachanganyikiwa. Huyu ananiomba ama ananipima? Nikidanganya, ataniita mwongo na Chebet ameenda. Nikisema ukweli, nimefanya mzee wa watu auze gari yake, na Chebet ameenda vile vile.

Tukafika. Mama alikuwa mlangoni, na hakumuuliza bwana yake. Aliniuliza mimi.

"Ehe, ilikuwa ngapi?"

Mzee akaanza kukagua matairi.

"Kumi na mbili, Mama."

Ndio huo uongo niliwaambia.

Mama akanitazama. Akamtazama yule wa matairi. Akacheka mpaka akashika mlango. "Miaka yote nimedanganywa na mmoja, sasa wamekuwa wawili! Chebet, mpakulie huyu mtu wetu chakula."

Mtu wetu! Nilikula na siwezi kuwaambia nilikula nini.

Funzo: msiamini namba ya mdomo. Full tank kwa full tank, pump ile ile, barabara ile ile, ndipo utajua injini yako.

Haya, wekeni zenu hapa chini: injini gani, barabara gani, na pump ilisema nini. Halafu mtuambie pia ile namba mnayoambia bibi.